Kasoro ya Akiba

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimeshtuka hadi sasa. Miaka sita najaribu programu za watu, na leo Bosi Luqmani katangaza kwamba cheo cha Mkuu wa Matesta kitatolewa baada ya uzinduzi wa Ijumaa. Kisha akamtazama Cecilia. Cecilia! Juzi tu alikuwa anauliza choo cha ofisi kiko wapi.

Cheo hiki nakihitaji kuliko chakula. Si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya Mjomba Kondo. Kwetu Waluguru mpwa ni wa mjomba, na Mjomba ndiye wa kunipelekea posa kwa akina Raya. Kagoma. Anasema alipoenda kupima upepo, mjomba wake Raya, Mzee Mwinshehe wa Dumila, alimuuliza kijana anafanya kazi gani. Mjomba akajibu kwamba nabonyeza vitu kwenye simu kuona kama vitaharibika. Mzee Mwinshehe akasema mbuzi wake naye anaifanya hiyo, tena bila mshahara.

Kwa hiyo Mjomba anataka neno la kwenda nalo. Mkuu wa kitu. Kitu chochote, ilimradi kianze na Mkuu.

Bosi kasema anamtafuta mtu anayeinua wenzake. Mimi, kuinua? Nilikuwa sijawahi kufikiria. Wazo limenijia nikiwa na chipsi mayai mdomoni. Kozi ya mtandaoni! Niwafundishe matesta wa Afrika Mashariki nzima namna ya kupanda cheo. Kwamba mwenyewe sijawahi kupanda ni jambo dogo. Kocha wa mpira naye hakimbii.

Jina nimeshapata: TESTA, PANDA JUU! Wiki ya kwanza bure, wazoee.

Jumanne, 9 Septemba

Masomo mawili tayari. Studio ni chumba changu: kanga ya mama ukutani, simu imesimama juu ya debe la unga. Somo la Kwanza, "Vaa Cheo Kabla Hakijaja". Nilivaa koti la suti. Joto likanipiga, na kufika katikati ya somo nikawa kama mtu anayehojiwa na polisi. Nimeliacha hivyo hivyo. Jasho ni ushahidi wa juhudi.

Somo la Pili ndilo roho ya kozi: "Kasoro ya Akiba". Testa mjinga akiona kasoro kwenye programu anairipoti palepale. Inarekebishwa kimya kimya, hakuna anayejua, naye anabaki alivyo. Mimi ni mfano hai. Testa mwerevu anaripoti kasoro ndogo ndogo, kubwa anaifuga kama kuku wa mgeni. Siku wakubwa wamekaa na kasoro imetoa kichwa, anasimama, mkono juu: "Jamani, simameni! Mimi naijua!" Hapo ndipo vyeo vinapotoka.

Nami kuku wangu ninaye! Programu yetu inaitwa Mbogafasta. Mkulima yuko Mgeta juu mlimani, mnunuzi yuko huku chini, wanakutana kwenye simu. Leo mchana nimeagiza gunia moja la kabichi kwa majaribio, kisha nikabonyeza Ghairi. Badala ya agizo kufutika, likazaliwa jingine. Nikaghairi tena. Likaja la tatu! Nilishtuka nikamwaga chai. Programu isiyojua kukataliwa!

Nikatazama kushoto. Dadi, testa mwenzangu, anatazama dirishani kwa makini sana. Nikatazama kulia. Upendo, testa mwingine, yuko chini ya meza, anatafuta kitu. Hakuna aliyeona. Nimeifunga moyoni.

Jumatano, 10 Septemba

Wanafunzi watano! Wawili ni mimi, nilijiandikisha ili darasa lisionekane tupu. Lakini watatu ni watu kamili: Simba wa Kigali, Malkia wa Ubora na Binti Nidhamu. Kigali! Mimi ambaye nje ya nchi nimefika kwa ndoto tu, tena ya homa.

Simba wa Kigali ana maswali. Anauliza kasoro ya akiba hukaa muda gani kabla haijachacha. Nimemjibu palepale, mezani kwangu ofisini. Maajabu ya mtandao: kila nikituma jibu kwenda Kigali, simu ya Dadi inalia. Mawimbi siku hizi yanaingiliana sana.

Halafu Cecilia. Lazima nieleze, wajukuu wasije wakanishangaa. Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu. Tukifiwa, wao ndio wanaokuja kutuhangaikia na kutuchekesha. Wanamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, wanaficha sufuria za msiba, na kununa hakuruhusiwi. Mtani akikutukana, unarudisha. Akisema neno, unacheka. Yeye Mkatoliki na mimi Mwislamu, lakini utani haujui kanisa wala msikiti.

Basi leo kasimama katikati ya ofisi, mikono kiunoni, na ile sauti yao ya Mgeta inayopanda na kushuka kama njia ya kwao. Akasema, "We mtani, Ghairi yako haighairi, inazaa! Zindueni hivyo hivyo, kabichi zitakuzika. Na nitakayeimba msibani ni mimi, nikianzia na sufuria."

Ofisi ikaangua kicheko. Nikamjibu kwamba watu wa Mgeta hata wakisinzia wanaota kabichi, akalale ndoto iishe. Kicheko kikarudi upande wangu. Dadi alicheka kwa nguvu kuliko wote, ila macho yake hayakucheka. Sijui ana nini.

Nilishtuka kidogo, sikatai. Kajuaje? Kisha nikakumbuka ni mtani. Mtani akikwambia mvua inanyesha, hutoki na mwavuli.

Tena kanipa Somo la Tatu bila kujua, maskini: "Sema kwa Mzaha". Ukiona hatari, itangaze mapema, lakini kwa utani. Wakikusikia, umewaokoa. Wasipokusikia, ulisema. Unashinda kotekote! Binti Nidhamu kauliza kama mashahidi wanahitajika. Nimemjibu wawe wengi iwezekanavyo. Kaandika, "Ahsante sana mwalimu, Mungu akuzidishie." Adabu iliyoje. Huyo atafika mbali.

Alhamisi, 11 Septemba

Bosi kapiga simu kutoka Dar. Kasema kesho maagizo ni ya kweli, yatawafikia wakulima wenyewe, kwa hiyo kila mmoja afute wateja wake wa majaribio.

Wangu ni mmoja tu, wa siku zote: Kondo, Mikese. Nyumba ya bati la bluu, kando ya barabara kuu. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye Futa. Kidole kikasita. Keshokutwa Mzee Mwinshehe anakuja Mikese kuzungumza na Mjomba. Je, gunia moja la kabichi za Mgeta likitua mlangoni wakati wazee wamekaa? Zawadi ya mpwa! Nimemwacha Mjomba humo humo, tena nimemweka wa kwanza kwenye kishikwambi atakachotumia Bosi. Kasoro nitaidaka mbele ya wageni, cheo nitakipata, kabichi itawapokea wakwe. Wakati mwingine najiogopa.

Jioni nikampigia. Shikamoo Mjomba, marahaba, habari za huko. Nimemfundisha kusema Mkuu wa Matesta. Kauliza matesta ndio watu gani. Nimemwambia aseme haraka haraka, hawatauliza.

Cecilia leo kaimba. Kaimba! Kafunga kanga kiunoni, kapiga kopo, kanizunguka mezani: mtani wangu kafa, kafa kwa kitufe, haya leteni jembe. Upendo kaitikia kiitikio. Mlinzi kaja kuangalia nani kafariki. Nimecheka hadi mbavu zimeniuma, na nikamwambia Cecilia sauti yake ndiyo inayofukuza nyani mashambani kwao.

Ijumaa, 12 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Wakulima wameteremka na nguo zao za ibada, wanunuzi mbele, wageni wa Bosi kwenye viti vya vitambaa. Bosi kaapa jukwaani kwamba Mbogafasta haimlaghai mkulima, agizo ni ahadi. Makofi. Kisha kaonyesha wepesi wake: kabichi, gunia moja, mteja Kondo wa Mikese. Moyo ukanichekea. Kisha kasema mteja akibadili nia, ni kugusa tu. Akagusa Ghairi.

Mtandao ukajivuta. Bosi akagusa tena. Na tena! Bosi ana kidole cha mtu anayegonga mlango wa choo.

Saa yangu! Nikasimama, mkono juu, kama nilivyofundisha. Nikapaza sauti: "Jamani, simameni! Mimi naijua!"

Sauti zilitoka tatu.

Nikageuka. Dadi kasimama, mkono juu. Upendo kasimama, mkono juu. Maneno yaleyale, hata kituo cha pumzi ni kilekile! Nilihisi kama mtu aliyeingia kwenye kioo akajikuta yuko wengi.

Tukaanza kugombana nani aliiona kwanza. Dadi kasema yeye tangu Jumatatu. Upendo kasema yeye tangu Jumapili, tena kanisani, wakati wa matangazo. Mimi nikasema nilishaihisi tangu mwaka jana. Na muda wote huo kidole cha Bosi kinagonga tu!

Ghafla simu za wakulima zikaanza kulia. Moja. Nyingine. Ukumbi mzima ukawa kama bwawa la vyura. Kina mama wakapiga vigelegele, wazee wakashika kofia, wakatoka mbio kwenda kukata kabichi. Bosi kawaita warudi, ni hitilafu! Bibi mmoja kageuka mlangoni, akamwambia, "Mwanangu, agizo ni ahadi." Akaondoka.

Bosi kauliza taratibu, na taratibu ile ilitisha kuliko ukali: mlijua wote watatu? Nani aliwafundisha kuficha? Dadi na Upendo wakaninyooshea vidole kwa pamoja, kama wamefanya mazoezi. Wakasema, "Mwalimu."

Lahaula! Simba wa Kigali ni Dadi! Kazaliwa Mzinga, kakulia Mzinga, hata Kibaha hajawahi kulala. Malkia wa Ubora ni Upendo. Watu ninaokaa nao meza moja! Dadi kajitetea eti aliona aibu kuniita mwalimu mbele za watu. Mimi nafundisha Afrika Mashariki, kumbe nafundisha upana wa chumba kimoja.

Hapo Cecilia kasimama. Kwa adabu, mikono nyuma. Kasema yeye alisema. Jumatano mbele ya wote. Alhamisi kwa wimbo. Bosi katugeukia: ni kweli? Tungekataaje, mlinzi mwenyewe alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Dadi kaeleza kwamba ndiyo, alisema, lakini yeye ni mtani. Bosi ni mtu wa Bukoba. Kauliza ukoo wa mtu unahusianaje na kitufe. Upendo kajaribu kumweleza. Kafika kwenye sufuria za msiba, akakaa.

Jumamosi, 13 Septemba

Fuso la kwanza liliingia Mikese asubuhi na mapema. Mjomba kanipigia kwa furaha, kasema mpwa wangu, gunia limefika, tena wamelijaza lori zima kwa heshima.

Fuso la pili, kanipigia kuuliza kama nimeanza biashara.

Fuso la tatu, shikamoo yangu hakuitikia.

Nilipofika na bodaboda, nyumba ya bati la bluu ilikuwa imebaki bati. Kabichi zimefika madirishani. Kuku wamepanda juu yake, wanatazama barabara kama wenye nyumba. Mzee Mwinshehe na wazee wenzake wamewasili na kanzu zao safi, wanauliza mlango uko wapi. Mjomba anawajibu kwa sauti kutoka ndani.

Akatolewa. Mkeka ukatandikwa barazani kwa jirani. Nilijikunja nyuma ya magunia nikasikia yote. Mzee Mwinshehe akarudia swali lake: kijana anafanya kazi gani? Mjomba, Mungu amweke, alikaza shingo akaanza, "Mkuu wa..." Na hapohapo dereva wa Fuso la nne kaingia na karatasi. Anamtaka Bwana Kondo atie sahihi. Maana humu, kasema, Bwana Kondo kaagiza, kaghairi, kaagiza, kaghairi, hadi sisi wenyewe tukaogopa.

Mzee Mwinshehe aliipokea karatasi, akaisoma hadi mwisho. Kisha kasema, "Ndugu yangu Kondo. Watu wanaoagiza na kughairi, wanaagiza na kughairi. Binti yetu ataishi nao vipi?"

Nilitamani kabichi zinizike kweli.

Kilichoniokoa sikukitegemea. Mzee Mwinshehe ni mfanyabiashara pale njia panda ya Dumila. Wakati Mjomba anaomba radhi, jicho la mzee lilikuwa kwenye kabichi. Akainuka, akabonyeza moja. Akabonyeza nyingine. Akasema hizi zisipoondoka leo zitaoza, na kwa kuwa yeye ni karibu kuwa ndugu, ataubeba mzigo huo. Akaubeba wote! Fuso moja baada ya jingine. Kuhusu posa kasema hajakataa, hajakubali. Anataka kwanza anione nikifanya kazi, kwa macho yake mwenyewe.

Mjomba alinitoa nyuma ya magunia. Alinipa kabichi moja, iliyopondeka, akanionyesha barabara.

Jumatatu, 15 Septemba

Mkuu wa Matesta ni Cecilia.

Nimeandika nikaisoma tena. Bado ni Cecilia. Bosi kasema ndiye pekee aliyesema ukweli mbele ya mashahidi. Mashahidi! Neno hilo likanikwaruza mahali. Nikafungua kozi yangu, nikalitazama jina lililobaki. Binti Nidhamu. Kamaliza masomo yote, kapata alama zote, na kaacha maoni: "Mwalimu ni hodari, shida yake hasikilizi wanafunzi."

Nilimfuata. Nikamuuliza kama ni yeye. Akacheka, akasema, "Mtani, nawe ulinifundisha bure, nikuache?"

Bosi alitaka niondoke leo leo. Cecilia ndiye aliyeniombea. Kamwambia Bosi aniache, mtani akifukuzwa kazi atahama mji, naye atabaki hana wa kumzika. Bosi kashika kichwa. Nimebaki, kwa masharti: kosa jingine la kuficha, mlango ule pale.

Nimekaa nikatafakari sana. Nimejiuliza nilikosea wapi. Nimepata jibu, nalo limenishtua kwa uzuri wake: sikukosea! Mwanafunzi wangu kapanda cheo ndani ya wiki moja. Kozi gani nyingine duniani inaweza kusema hivyo?

Nimeshabadilisha tangazo. Nimeweka na picha ya Cecilia.

Jumapili, 21 Septemba

Siku njema kuliko zote! Somo la Nne, nalo ni mubashara. Nimempa Raya kiungo, akamfungulie Mzee Mwinshehe kwenye simu sebuleni kwao Dumila, mzee anione kazini kama alivyotaka. Bosi naye nimemtumia, aone ninavyoinua wenzangu. Mjomba kaazima simu ya jirani.

Koti, kanga, debe la unga. Sikutetereka. Nimezungumzia uaminifu kazini kwa muda mrefu hadi mwenyewe nikaguswa. Nikaaga kwa heshima, shikamooni wazee wote mnaonitazama. Nikagusa kumaliza. Mtandao ukajivuta, nikagusa tena. Na tena, kwa uhakika.

Nimevua koti, nimebaki na singilendi, nimechota wali maharage, na sasa naandika haya huku nakula kwa raha zangu. Nimempigia Dadi kwa kitochi, simu yangu ndogo, kumwambia habari kubwa: nimeona kasoro mpya ndani ya Mbogafasta, mama wa kasoro zote, na siitoi hadi wageni wa mwezi ujao waje. Bosi hajui kitu, nimemwambia, yule ukimpa kidole atagonga hata ukuta. Nikamwambia na Mzee Mwinshehe nimeshamweka mfukoni, maana mzee yule ukimwonyesha kabichi anasahau hata jina la mpwa wake. Dadi kakata simu. Wivu.

Palepale kapiga Cecilia, anahema. Kasema, "Mtani, zima hiyo kamera! Unaonekana! Bosi anakuona, mzee wa Dumila anakuona, na singilendi lako lina tundu kwapani!" Nimecheka hadi wali ukanipalia. Nimemwambia mbinu hiyo niliifundisha mwenyewe, akamtafute mjinga mwingine. Nikamkatia. Nimeshangaa kidogo kajuaje habari za tundu. Lakini ndiyo kazi ya mtani, siku zote anajua pa kugusa.

Ajabu ni moja tu. Simu kubwa pale juu ya debe bado inaonyesha namba ya watazamaji, nayo inapanda. Somo limekwisha, mwalimu anakula, na watu wanazidi kuongezeka! Kasoro kubwa namna hii sijapata kuiona tangu nizaliwe.

Nimetazama kushoto. Nimetazama kulia. Hakuna aliyeona.

Siiripoti. Hii naiweka akiba.